Hati Zilizobaki Sandukuni: Kisa cha Baba na Binti Waliokwama Johannesburg

Kisa hiki kinamhusu kijana wa Rungwe aliyeondoka nchini mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 19, akavuka mpaka wa Tunduma kwa pasipoti halali, akapita Zambia na Zimbabwe hadi Johannesburg, akaajiriwa huko katika gereji. Alipotaka kurudi nyumbani mwaka 2024, hakuwa na pasipoti, kibali cha ukaazi, namba ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) wala cheti cha kuzaliwa, na alikuwa na binti wa miaka minne ambaye hakuna serikali iliyokuwa imemwandikisha popote. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Familia yake ilinijia ikiamini kwamba tatizo liko ubalozini Pretoria, lakini kadiri tulivyolifungua faili ndivyo ilivyodhihirika kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa hapa hapa wilayani. Majina na alama za kuwatambulisha wahusika nimeziacha kwa makusudi.

Ni vema kueleza kwanza jinsi mtu aliyetoka kihalali anavyoweza kufika hapo, kwa kuwa wengi humhukumu upesi. Raia wa Tanzania huruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90, na baadaye kijana huyu alipata kibali cha kazi kupitia mwajiri wake, kibali ambacho kilikuwa kinahuishwa kwa sharti la kuwa na pasipoti iliyo hai. Tarehe 31 Januari 2018 Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki, na zile za zamani zikapewa takribani miaka miwili ya mpito, hadi Januari 2020. Yeye aliahirisha kwa sababu kwenda Pretoria kulimaanisha kupoteza ujira wa siku nzima, na mwezi Machi mwaka huo Afrika Kusini ikafungwa kwa ajili ya korona. Kibali chake kiliisha katika kipindi hicho, na bila pasipoti mpya hakikuweza kuhuishwa. Benki ikaifungia akaunti yake kwa kukosa hati iliyo hai. Hapo ndipo alipomwamini kishoka mmoja aliyemwahidi pasipoti mpya bila yeye kufika ubalozini, akampa fedha pamoja na ile pasipoti ya zamani, na mtu huyo hakuonekana tena. Kwa jinsi ninavyoona, kosa zito kuliko mengine katika kisa chote ni kuiachia ile pasipoti, maana hata ikiwa imekwisha muda, pasipoti ya zamani ndiyo ushahidi wa haraka kuliko wote kwamba serikali ilikwisha kumtambua mwenye nayo kuwa raia.

Alipofika ubalozini hatimaye, alielezwa kwamba anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, namba ya utambulisho wa taifa na taarifa ya polisi ya upotevu. Aliwapigia simu wazazi wake akilalamika kwamba amefukuzwa. Hakufukuzwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unalitaja jukumu la kutoa pasipoti na hati za safari kwa raia wa nchi inayowakilishwa, na jukumu hilo linaanza pale ambapo ofisi imejiridhisha kwamba aliyesimama mbele ya dirisha ni raia kweli. Ofisa wa ubalozi hana kitabu cha vizazi cha Rungwe. Kumbukumbu za kuzaliwa ziko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ambao katika ngazi ya wilaya hutoa huduma kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, na kumbukumbu za utambulisho ziko NIDA. Mtu aliyetoka nyumbani bila kuziacha kumbukumbu hizo katika hali nzuri anaibebesha familia yake kazi ambayo yeye mwenyewe, akiwa kilomita elfu kadhaa mbali, hawezi kuifanya.

Kulikuwa na jambo moja jema upande wake. Vijana wengine wa kwetu, wakiona vibali vinakwisha, huomba hifadhi ya ukimbizi kwa kujitambulisha kuwa wametoka nchi yenye vita, na siku wakitaka kurejea Tanzania alama zao za vidole zinakuwa tayari zimefungamana na jina na taifa lisilo lao. Huyu alishauriwa hivyo hivyo akakataa, na uamuzi huo ulimwokolea muda mwingi.

Mama yake ana sanduku la bati ambalo hulifungia chini ya kitanda. Tulipolifungua kwa ruhusa yake, tulikuta chini ya vitenge bahasha ya kaki yenye kadi ya kliniki ya mtoto iliyoliwa na mende pembeni lakini yenye tarehe ya kuzaliwa inayosomeka, cheti cha ubatizo cha usharika wa Kimoravian, cheti cha kuhitimu elimu ya msingi, na nakala ya ukurasa wa kwanza wa ile pasipoti iliyopotea, ambayo kijana aliitoa Tunduma kabla ya kuvuka na kuituma nyumbani kwa kondakta wa basi. Nakala hiyo ilikuwa na namba ya pasipoti. Kwa namba hiyo Idara ya Uhamiaji ingeweza kuitafuta kumbukumbu yake ya mwaka 2011, na hoja ya uraia ikaacha kutegemea maneno matupu. Kuhusu cheti cha ubatizo, wasomaji wa mijini huenda wakakidharau, ila katika wilaya ambayo Wamoravian walifika mwaka 1891 na ambako akina mama wengi walijifungulia nyumbani, kitabu cha ubatizo mara nyingi ndiyo kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa siku za karibu na kuzaliwa kwa mtu, na msajili huipa uzito.

Ugumu ulikuwa kwenye jina. Kitabu cha ubatizo kilimwandika kwa jina la ukoo linaloanza na Mwaki, cheti cha shule kilianza na Mwai, na pasipoti ilifuata cheti cha shule. Kwa Mnyakyusa hilo si jambo la kushangaza, kwani mtoto anaweza kuitwa kwa ukoo wa babu nyumbani na kwa jina la baba shuleni, na mwalimu akaandika alivyosikia. Kwa mfumo wa kompyuta, hao ni watu wawili. Tuliamua kwamba jina la pasipoti ndilo lifuatwe, kwa sababu ndilo lililokuwa pia katika kumbukumbu za Afrika Kusini, na wazazi wote wawili wakaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtoto wao mmoja. Mtendaji wa kijiji aliandika barua ya kuwatambua wazazi kuwa wakazi, na mtendaji wa kata akaigongea muhuri. Nawaomba wanaotoka Mbozi, Momba au Ileje waangalie pia jambo linalofanana na hilo: mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kutoka mkoa wa Mbeya, hivyo mtu aliyeandikwa zamani kuwa amezaliwa Mbeya atakuta barua ya kata yake leo inataja Songwe, na ni afadhali barua yenyewe ieleze mabadiliko hayo kuliko kuacha ofisa aliye mbali ayahisi.

Maombi ya cheti cha kuzaliwa yalijazwa katika mfumo wa mtandao wa RITA, viambatisho vikapelekwa wilayani, na cheti kikatoka. Tulipofika kwenye NIDA ndipo njia ilipoziba. Usajili wa utambulisho unahitaji picha na alama za vidole za mwombaji mwenyewe, na hakuna mzazi, wakili wala msaidizi wa kisheria anayeweza kuvitoa vidole vya mtu mwingine. Kijana huyu aliondoka nchini kabla uandikishaji wa NIDA haujafika kwetu, kwa hiyo hakuwahi kuandikwa. Kungoja namba hiyo akiwa Johannesburg, bila kazi na bila kibali, kungemweka katika hatari ya kukamatwa kila siku, kwani kuwapo nchini humo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini. Hapo nilishauri aombe hati ya dharura ya safari, ambayo ubalozi huweza kumpa raia aliyekwama ili arudi nyumbani, halafu utambulisho na pasipoti vishughulikiwe hapa Mbeya.

Ushauri huo haukuwa mwepesi kuutoa. Hati ya dharura ni ya safari moja tu ya kurudi. Zaidi ya hayo, kwa kanuni za Afrika Kusini zilizoanza kutumika mwezi Mei 2014, mgeni aliyepitiliza muda wake kwa zaidi ya siku 30 hutangazwa wakati wa kutoka kuwa asiyehitajika nchini humo kwa miaka mitano, na akitaka kupinga ana siku 10 za kazi za kuwasilisha rufaa yake kwa maandishi. Kijana alikuwa ameijenga huko miaka yake yote ya utu uzima. Aliniuliza kama hakuna njia ya kurekebisha kibali akiwa huko huko, nami nilimjibu kwamba zipo njia za kuomba kuruhusiwa kubaki wakati maombi yanashughulikiwa, ila zote zinaanzia kwenye pasipoti iliyo hai, ambayo yeye hana na hawezi kuipata bila namba ambayo hawezi kuipata akiwa huko. Alikubali. Baba yake hapa nyumbani alikuwa mgonjwa wa figo, na nadhani hilo lilimsukuma kuliko hoja zangu.

Suala la mtoto ndilo lililotugawa, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Binti alizaliwa hospitalini Johannesburg mwaka 2020. Mama yake ni Mmalawi. Wazazi hao hawakuoana, na mama alirejea kwao Karonga mtoto alipokuwa na mwaka mmoja na miezi. Sheria ya Afrika Kusini ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya mwaka 1992 inataka kila mtoto aliyezaliwa nchini humo aandikishwe ndani ya siku 30, awe wa raia au wa mgeni, lakini wazazi hawa walipokwenda walielezwa kwamba hati zao zimekwisha muda, wakaondoka na kile kikaratasi cha hospitali cha kuthibitisha kuzaliwa.

Mtu mmoja mwenye nia njema, tena mtumishi wa umma, aliwashauri babu na bibi njia ya mkato. Mkoa wa Mbeya ndipo ulipoanzia mwaka 2013 mpango wa kuandikisha watoto wa umri chini ya miaka mitano, ambapo cheti hutolewa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mtoto alikuwa bado na miaka minne. Basi, alisema, aingizwe nchini kwa namna yoyote, apelekwe kliniki, aandikwe kuwa amezaliwa Kiwira nyumbani kwa bibi yake, na asubuhi moja tu shauri lote litakuwa limekwisha. Bibi alinitazama akisubiri nikubali. Ninakiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na wanaoitoa si wahalifu kwa tabia. Wanaona mtoto asiye na karatasi na dirisha lililo wazi. Tena kisheria ina mvuto ambao hata mshauri mwenyewe hakuujua. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi mmojawapo ambaye ni raia wa kuzaliwa anakuwa raia wa kurithi tangu siku anapozaliwa. Raia wa kurithi, akija naye kuzaa nje ya nchi, hawezi kumrithisha mtoto huyo uraia kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba cheti cha Kiwira kingempa binti uraia ulio imara zaidi kwa kizazi kijacho.

Nililikataa, na nilimweleza bibi kwa nini. Kwanza, mtoto huyu tayari ni Mtanzania. Baba yake alizaliwa Rungwe na wazazi Watanzania, na cheti chake sasa kipo mkononi, kwa hiyo hakuna kinachokosekana isipokuwa ushahidi wa kuzaliwa kwake kwa baba huyo. Cheti cha uongo hakimpi uraia alioukosa, kinauweka tu uraia alio nao juu ya kosa la jinai lililotendwa na bibi yake. Pili, kingemfutia mtoto historia yake. Sheria ya uraia ya Afrika Kusini inampa mtoto wa wageni aliyezaliwa huko na kuishi huko hadi utu uzima nafasi ya kuomba uraia, endapo kuzaliwa kwake kuliandikishwa; hata kama yeye hatakaa huko kwa muda huo, si haki yetu kumfungia mlango huo akiwa na miaka minne. Kupitia mama yake anaweza pia kudai uraia wa Malawi, nchi ambayo tangu mwaka 2019 inaruhusu uraia pacha, ingawa kwa sheria yetu atatakiwa kuchagua akifikisha miaka 18. Cheti kinachosema alizaliwa Kiwira kingempinga katika kila moja ya madai hayo. Tatu, na hili ndilo lililomgusa bibi, kuna mama aliye hai ng'ambo ya mto Songwe, na cheti cha namna hiyo kingehitaji ama kumtaja kwa uongo kwamba alijifungulia hapa, ama kutomtaja kabisa. Bibi alinyamaza, kisha akasema kuhusu mama huyo, "Huyo binti tulimpokea hapa, akapika jikoni kwangu. Hatuwezi kumfuta."

Basi wakamtafuta mama. Karonga haiko mbali na Kasumulu, mpakani mwetu na Malawi, na Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanaelewana kwa lugha, kwa hiyo shangazi wa kijana alivuka mpaka kama mtu anayekwenda kumsalimia ndugu na kurudi na jibu kwamba mama yuko tayari. Alikula kiapo huko Malawi akikiri kwamba kijana ni baba wa mtoto, akaridhia mtoto aandikishwe kwa jina la ukoo wa baba na asafiri naye kwenda Tanzania. Katika hatua hii ukaribu wa Malawi ulitusaidia kwa namna nyingine pia. Malawi na Afrika Kusini zote zimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 unaoondoa mlolongo wa kuthibitisha hati za kigeni, hivyo kiapo kilihitaji cheti kimoja tu cha mamlaka ya Malawi ili kikubalike Pretoria. Laiti kiapo hicho kingefanyika Tukuyu kwa sababu tu ni karibu na familia, kingelazimika kupitia Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi, maana Tanzania haikuwa mwanachama wa mkataba huo.

Kwa upande wa Afrika Kusini, kijana alisaidiwa na kituo cha msaada wa kisheria kilichotoa huduma bila malipo. Mwezi Septemba 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu kilichomzuia baba asiye na ndoa kumwandikisha mtoto kwa jina lake, mama asipokuwapo au asiporidhia, ni kinyume cha katiba. Hata hivyo uamuzi wa mahakama haufiki kwa kasi ileile katika kila dirisha, na kwa baba mgeni kipimo cha vinasaba bado hutakiwa mara nyingi. Kipimo hicho ndicho kilichogharimu fedha nyingi kuliko hatua nyingine yoyote, na familia iliuza ndizi na parachichi za msimu mzima kukilipia. Cheti kilipotoka kilikuwa na majina ya wazazi wote wawili, bila namba ya utambulisho ya raia wa Afrika Kusini, kama ilivyo kwa watoto wa wageni. Nilisisitiza kisiondoke Pretoria kabla hakijathibitishwa na wizara inayohusika na mahusiano ya kimataifa huko na kugongwa muhuri na ubalozi wetu, kwa sababu kazi hiyo ni ya mwendo mfupi mtu akiwa pale pale, na ni ya miezi akiwa Rungwe.

Baada ya hapo ubalozi uliwapa hati za dharura, baba na binti. Walisafiri kwa ndege hadi Dar es Salaam ingawa basi lingekuwa nafuu, kwani njia ya nchi kavu ingewapitisha Zimbabwe na Zambia, na kila mpaka ungekuwa na ofisa wake wa kuihoji hati isiyo ya kawaida na mtoto aliye na mzazi mmoja. Alipotoka uwanja wa ndege wa Johannesburg alipewa karatasi ya kutotakiwa kwa miaka mitano. Rufaa tulikuwa tumeiandaa mapema, ikieleza kipindi cha korona, wizi wa pasipoti na malezi ya mtoto, na ikatumwa kwa barua pepe kabla muda wake haujaisha.

Hadi ninapoandika, kijana amekwisha kutoa alama za vidole na amepata namba ya NIDA. Maombi yake ya pasipoti yako ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mbeya, kwa ada ya shilingi 150,000, na ya binti yatafuata kwa kutumia cheti cha Afrika Kusini pamoja na cheti cha kuzaliwa cha baba. Rufaa haijajibiwa. Mama wa mtoto amevuka Kasumulu kuja kumwona, na amemwachia bibi nakala ya hati yake ya utambulisho ya Malawi, iliyothibitishwa, kwa ajili ya faili la binti.